Kondoo wakizaa masika: tunavyofanya bandani kwetu Chanika

Baba yangu yuko Singida. Kila Aprili nikimpigia simu kumweleza kwamba tumekesha bandani na vitoto vya kondoo vinavyotetemeka, hucheka mpaka akapaliwa. "Dar es Salaam kuna baridi gani, mwanangu? Njoo huku Julai nikuonyeshe baridi."

Ana haki ya kucheka. Usiku wa Aprili huku kwetu joto haliteremki sana chini ya nyuzi 22. Lakini mtoto wa kondoo ametoka kwenye tumbo lenye nyuzi 39, ameloa chapachapa, ana kilo mbili au mbili na nusu, na mafuta mwilini ni ya kubahatisha. Mlaze huyo juu ya mbolea mbichi, upepo wa mvua umpige ubavuni, halafu uone kama atasikia adhana ya alfajiri. Masika yetu ya kwanza walizaliwa tisa, tukabaki na wanne. Kwa baba adui ni baridi. Kwetu adui ni maji, na karibu yote nitakayoeleza hapa ni namna ya kuyakimbia.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu. Tuna majike kumi na wawili na dume mmoja, wengi wao wale wa kichwa cheusi na mkia wa mafuta, wawili ni wekundu wa Kimasai. Mume wangu anafanya kazi mjini, anatoka nyumbani kabla ya saa kumi na moja alfajiri kuwahi gari. Wengine ni mama mkwe, kijana wetu wa kidato cha tatu na binti wa darasa la sita. Hao ndio wafanyakazi wa banda. Hakuna kibarua.

Kwa nini wazae masika hasa

Kwa sababu dume akiachwa na majike mwaka mzima, hesabu inajipanga yenyewe. Mvua za vuli zinanyesha Oktoba na Novemba, majani yanachipua, majike wananawiri na kutaka dume. Mimba ya kondoo ni siku 147 hivi. Aliyepandwa tarehe 10 Novemba anazaa tarehe 5 au 6 Aprili, mvua ikiwa imefungua mabomba yote.

Njia nyepesi ni kumtenga dume vuli yote, umrudishe mwishoni mwa Januari, wazae kuanzia mwishoni mwa Juni, kipupwe, ardhi imekauka na majani bado yapo. Kama huna sababu ya kufanya vinginevyo, fanya hivyo, na nusu ya maelezo haya hutayahitaji. Mimi sababu ninayo: Idi ya kuchinja. Mwaka 2025 iliangukia mwanzoni mwa Juni, na dume aliyezaliwa Aprili ya mwaka uliotangulia anakuwa ametimiza mwaka na wiki kadhaa, amejaa, mnunuzi hapepesi macho. Sikukuu hiyo inarudi nyuma siku 11 hivi kila mwaka, kwa hiyo hesabu yangu ina mwisho wake. Kwa sasa inanilipa, basi nalipa kwa kukesha.

Banda litengenezwe kabla mvua haijashuka

Kazi kubwa ya uzazi wa masika inafanywa Februari, jua likiwaka, na watu wakikushangaa unachimba mfereji kwenye vumbi. Mfereji uzunguke banda, upana wa chepe moja, uteremkie upande wa chini wa kiwanja chako mwenyewe. Usiuelekeze kwa jirani. Sisi tulifanya hivyo mwaka mmoja na salamu zilikatika mpaka Ramadhani.

Kisha angalia upepo. Masika huku pwani ndipo kaskazi inapokwisha na kusi inaingia, kwa hiyo mvua nyingi inakuja imelala kutoka kusini na kusini mashariki. Upande huo tunauziba kwa turubai kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno cha mtu mzima. Juu tunaacha wazi. Ukiziba mpaka kwenye bati umewafungia kondoo pamoja na mvuke wa mikojo yao, na mapafu ya kitoto cha siku tatu hayauwezi mvuke huo. Pande nyingine ziache zipumue.

Sakafu yetu ni ya mbao, imeinuliwa juu ya mirunda futi mbili na nusu, na kati ya ubao na ubao kuna nafasi ya sentimita moja na nusu. Kinyesi kinaanguka chini, mguu wa mkubwa haupiti. Mguu wa mtoto unapita. Nilijua hivyo nilipomkuta mmoja amening'inia kwa mguu wa nyuma, analia kwa sauti imeshakauka. Tangu hapo vyumba vya kuzalia tunavitandika sandarusi kwanza, juu yake maranda kimo cha kiganja. Maranda tunayapata kwa fundi seremala wa njia panda, nampa hela ya soda ananijazia viroba vitatu. Nayachambua kwa mkono: misumari midogo na vipande vilivyopakwa vanishi vinatupwa.

Kama sakafu yako ni ya udongo, ijaze kifusi na kokoto iwe juu kuliko uwanja wa nje, halafu matandiko yawe mazito zaidi. Sakafu ya udongo iliyo chini ya usawa wa uwanja ni bwawa, uliite banda ukipenda.

Vyumba vya kuzalia ni vitatu, kila kimoja mita moja na nusu kwa moja na nusu, vimetengwa kwa fito. Kwa majike kumi na wawili vinatosha, maana hawazai siku moja.

Kipimo cha ukavu alinifundisha mama mkwe, na hakihitaji kifaa. Piga magoti kwenye matandiko, kaa hapo huku unahesabu mpaka sitini, pua yako ikiwa usawa wa pua ya mtoto wa kondoo. Ukiinuka na khanga imelowa magotini, badilisha matandiko. Macho yakiwasha, badilisha hata kama khanga ni kavu. Ukinusa umesimama hutajua kitu, harufu mbaya inalala chini.

Chakula cha wiki sita za mwisho

Karibu asilimia 70 ya uzito wa mtoto inaongezeka katika wiki sita za mwisho za mimba. Hapo tumbo limejaa mtoto, nafasi ya majani imepungua, kwa hiyo kila tonge liwe na nguvu. Tunatoa pumba za mahindi zilizochanganywa na mashudu ya alizeti, gramu 300 kwa jike kwa siku, na anayeonekana kubeba mapacha anapata 400. Tunaanza kidogo kidogo, kwa wiki nzima, ili tumbo lisivuruge. Jiwe la chumvi linaning'inizwa mahali mvua haifiki. Wape jiwe la kondoo, usiwape la ng'ombe, kwa sababu shaba nyingi ni sumu kwa kondoo.

Majani ya masika yanadanganya. Yamestawi, yanameta, ndani ni maji. Ndiyo maana Januari tunakata majani na kuyakausha, tunayapandisha darini kwenye banda, na kila asubuhi wanakula makavu hayo kwanza. Jike mwenye mimba kubwa akiacha kula, akajitenga na kuyumba kama haoni, usisubiri kesho. Nguvu zimemwishia na mapacha wanamnyonya. Bwana mifugo aitwe siku hiyo hiyo.

Dawa ya minyoo nayo ina wakati wake. Albendazole usimpe jike katika mwezi wa kwanza wa mimba, inaweza kuharibu mtoto. Chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo tunaimaliza kiangazi, mtu wa chanjo akipita, ili tusiwakimbize na kuwabananisha majike wenye mimba nzito.

Zamu za usiku

Tumegawana hivi: saa nne usiku kijana, saa saba usiku mimi, saa kumi alfajiri mume wangu kabla ya kuoga. Saa tatu tatu. Jike akianza kusukuma kwa nguvu, kwa kawaida mtoto anatoka ndani ya saa moja, kwa hiyo anayepishana na zamu moja atakutwa na zamu inayofuata kabla mambo hayajaharibika sana. Mama mkwe hana zamu. Halali. Ndiye anayetuamsha.

Ndoo yenye mfuniko inakaa mlangoni mwa banda: tochi ya kichwani (umeme wetu na mvua hawajawahi kuelewana), glavu, kipande cha sabuni, iodini kwenye kikopo kidogo, kipimajoto, bomba la sindano lisilo na sindano, chupa ya kunyonyeshea, na fungu la vitambaa. Vitambaa ndilo jambo ambalo fundi cherehani hawezi kukosa. Vya pamba vinafyonza maji. Vile vya kuteleza vya nguo za harusi usivilete, vinampaka tu mtoto ute wake mwenyewe.

Dalili unaziona mapema: kiwele kimejaa na kung'aa, uke umevimba, nyama za pembeni ya mkia zimelegea. Siku yenyewe anajitenga, anaparua chini kwa kwato, analala anainuka. Hapo mwingize chumba cha kuzalia, kisha ondoka. Keti mbali, kunywa chai. Kondoo anayemulikwa tochi usoni anachelewa kuzaa.

Chupa ya uzazi ikipasuka, kinachotakiwa kuonekana ni kwato mbili za mbele na pua imelala juu yake, kama mtu anayepiga mbizi. Ukiona hivyo na jike anasukuma, mwache. Ukiona kichwa bila miguu, mguu mmoja, au mkia, au amesukuma nusu saa hadi saa nzima bila kinachosogea, ni wakati wa mtu anayejua. Namba ya bwana mifugo imeandikwa kwa chaki kwenye ubao wa mlango, maana usiku wa manane hata namba yako mwenyewe unaisahau. Kuingiza mkono nimefundishwa naye, ana kwa ana, kwa jike mwenye shida. Sitakufundisha kwa maandishi.

Mwanamke mjamzito asiingie kabisa kwenye kazi hii. Majimaji ya uzazi ya kondoo yanaweza kubeba magonjwa yanayoharibu mimba ya binadamu, na ugonjwa wa kutupa mimba wa mifugo unampata mtu yeyote. Wifi yangu alipokuja kukaa nasi akiwa na miezi mitano tulimfungia mlango wa banda, akanuna, tukavumilia kununiwa. Wengine wote glavu, na sabuni baadaye.

Nusu saa ya kwanza

Mtoto akitoka, futa pua na mdomo, kisha mweke mbele ya mama yake. Ulimi wa mama ndio taulo la kwanza, tena kwa kumlamba ndipo anapomjua kuwa wake. Mvua ikiwa kali namsaidia: nasugua mgongo na mbavu kwa kitambaa kikavu, kwa nguvu, mpaka manyoya yasimame. Mtoto akilalamika umefanya vizuri.

Kitovu kichovye kwenye iodini, chote, mpaka kwenye ngozi. Kupaka kwa kidole hakutoshi. Kitovu kibichi juu ya matandiko ya masika ni mlango ulioachwa wazi, na magoti yatakayovimba wiki ya pili yanaanzia hapo.

Halafu dang'a, yale maziwa ya kwanza. Kamua kila chuchu mara mbili tatu kutoa kile kizibo kama nta, hakikisha maziwa yanakuja pande zote mbili, msogeze mtoto. Anyonye ndani ya saa mbili. Kinga aliyonayo mama haikupitia tumboni, inapitia kwenye dang'a, na utumbo wa mtoto unaipokea vizuri saa chache tu za mwanzo, kisha unafunga mlango. Asiyeweza kunyonya namkamulia: mililita 50 kwa kila kilo, kwa hiyo wa kilo mbili na nusu anapata 125 kwa mkupuo mmoja, na katika saa 24 afikishe kama nusu lita. Jike mwenye maziwa mengi namkamua ziada, naigandisha kwenye chupa ndogo za maji. Ikihitajika naiyeyusha ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Ukiichemsha umeua kinga yote na umebaki na uji.

Kondo la nyuma litoke lenyewe ndani ya saa chache. Usivute. Likifika nusu siku halijatoka, piga simu. Likitoka, lizikwe kwa kina. Mbwa wa mtaa akionja mara moja atalala mlangoni kwako msimu mzima.

Aliyepoa

Kila zamu, ingiza kidole kinywani mwa kila mtoto. Kinywa cha moto, endelea. Kinywa baridi, weka kipimajoto nyuma: nyuzi 39 hadi 40 ni mzima, chini ya 37 ni hatari.

Hapa ndipo nilipowapoteza wengi, kwa haraka ya huruma. Nilimkuta mtoto amelegea, baridi kama samaki wa feri, nikamminia maziwa mdomoni. Hakuweza kumeza, yakaingia kwenye mapafu. Mpangilio ni huu: mkaushe, mpashe joto, akishikilia kichwa chake mwenyewe na kunyonya kidole ndipo umlishe. Aliyezaliwa muda si mrefu hurudi haraka. Aliyefikisha saa tano au zaidi bila kunyonya na amelegea kabisa ameshaunguza akiba yote, na kumpasha joto bila sukari mwilini kunaweza kumtia degedege. Huyo anahitaji sukari ya sindano kutoka kwa bwana mifugo, na muda wenyewe ni mfupi.

Kupasha joto kwetu ni chupa mbili za maji ya moto zilizovikwa soksi, ndani ya kapu lenye vitambaa. Jiko la mkaa bandani hapana. Mwaka wa pili nilishusha turubai pande zote nikaweka jiko katikati, nikajiona mjanja. Saa saba usiku nikakuta jike amelala anahema kwa shida na mwanawe hatikisiki, na mimi mwenyewe kichwa kikaanza kugonga nikiwa bado nimeshika tochi. Jike alipona alipotolewa nje. Moshi wa mkaa usioonekana ndio ulikuwa unatumaliza.

Asubuhi

Asubuhi hazina mengi: kuzoa, kufagia kwa fagio la chelewa, kuongeza maranda makavu juu ya yaliyolowa au kuyatoa yote kama magoti yamesema hivyo, maji safi ndoo kwa ndoo. Jike anayenyonyesha anaweza kunywa lita nane kwa siku, hata mvua ikinyesha. Binti ndiye karani. Daftari lake lina jike, tarehe, idadi, jinsia, na alama ya rangi ya uzi tuliyomfunga mtoto shingoni, uzi uliolegea wa kuingia vidole viwili, unaobadilishwa kila wiki asije akanyongwa.

Siku ya tatu mama na mtoto wanatoka chumbani kuungana na wenzao. Nje wanaenda siku ya kumi, kuanzia saa nne asubuhi umande ukiwa umekauka, sehemu ya juu ya kiwanja tu. Viluwiluwi vya minyoo hupanda kwenye majani yenye maji. Kila wiki navuta chini kope la jicho: ndani pakiwa pekundu, sawa. Pakiwa peupe kama karatasi, au taya limevimba chini, minyoo wanakunywa damu. Wale wawili wekundu wa Kimasai karibu kila mara macho yao ni mazuri, aina hiyo inastahimili minyoo kuliko wengine, na nikipata hela nitaongeza hao. Kwato zikioza tunachovya kwenye maji ya mrututu, miguu tu, na beseni linaondolewa papo hapo. Mrututu ni shaba, wasije wakanywa.

Aliyekataliwa

Jike anayezaa mara ya kwanza wakati mwingine anampiga mwanawe kichwa. Mfunge kwa kamba fupi chumbani, mtoto anyonye mara nne tano kwa siku, mara nyingi anakubali ndani ya siku mbili tatu. Yatima tunamsugua kwa majimaji ya jike anayezaa muda huo huo, mwili mzima na hasa mkiani, maana huko ndiko mama anakonusa. Ikishindikana, anakuwa mtoto wa chupa, na mtoto wa chupa kwetu anakaa kwenye kapu chini ya meza ya cherehani yangu, mahali pakavu kuliko pote nyumbani. Wateja wangu wameshazoea. Juzi mama mmoja kaja kuchukua gauni lake la kitenge, mvua inamwagika, akaona kichwa cheusi kinachungulia kwenye vitambaa. Nikamwambia aketi, gauni liko tayari, ila ile mikono niliyotaka kuibadilisha asiivute kwanza, imelaliwa.